Hesabu za Afya Tanga: Kutoka Muheza hadi Programu Huria

Utangulizi

Tangu miaka ya 1930 Mkoa wa Tanga umekuwa mojawapo ya mahali duniani ambapo malaria imepimwa kwa uangalifu mkubwa. Mbu wa Muheza wamehesabiwa, wamepasuliwa na kuchunguzwa umri wao. Damu ya watoto wa vijijini imetazamwa kwa hadubini. Vyandarua vimejaribiwa katika vibanda vilivyojengwa makusudi kwa kazi hiyo. Takwimu zilizopatikana zimeingia katika hesabu ambazo serikali na mashirika ya kimataifa yamezitumia kuamua fedha chache za afya zitumike wapi. Hata hivyo, kwa muda mrefu hesabu zenyewe hazikuwa mikononi mwa watu wa Tanga wala mwa Watanzania kwa jumla. Takwimu zilikusanywa hapa, kanuni zikatungwa kwingine, na majibu yakarudi yakiwa yamekwisha kukamilika.

Katika miaka ya karibuni hali hiyo imebadilika. Hesabu nyingi za aina hii sasa zinaandikwa kwa programu ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzifungua, kuzisoma na kuzirekebisha. Makala haya yanakusudia mambo mawili: kwanza, kueleza kwa ufupi historia ya hesabu hizo katika pwani ya kaskazini ya Tanzania, na pili, kuzichambua istilahi chache za Kiswahili ambazo bila ya hizo mabadiliko hayo hayatatufaa. Hoja yetu ni kwamba mlango uliofunguliwa na wanakompyuta unaweza kufungwa tena na mfasiri asiyechagua maneno yake vizuri.

Amani na Muheza

Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, iliwekwa kituo cha utafiti wa mimea na kilimo na Wajerumani mwaka 1902. Katikati ya karne ya ishirini majengo yake yaliingia katika kazi nyingine: yakawa makao ya taasisi ya malaria ya Afrika Mashariki. Msingi wa taasisi hiyo ulikuwa umewekwa na Dakta Bagster Wilson, ambaye katika miaka ya 1930 alifanya uchunguzi wa malaria vijijini, na mwaka 1936 alichapisha taarifa juu ya malaria ya kudumu katika vijiji vya Tanganyika. Wilson aliona kwamba watoto wadogo waliumwa sana na kufa, ilhali watu wazima walikuwa wamejipatia kinga kwa kuumwa na mbu mwaka baada ya mwaka.

Uchunguzi huo ulizusha swali zito. Iwapo kinga ya wakubwa hutokana na kuambukizwa mara kwa mara, je, kuwapunguza mbu bila ya kuwamaliza hakutawaondolea watu kinga na kuwaacha katika hatari kubwa zaidi baadaye? Wilson na wenzake waliopima vijijini walishauri tahadhari. Kwa upande mwingine alisimama Profesa George Macdonald wa London, mwanahesabu wa malaria, aliyetaka maradhi yashambuliwe mara moja. Pande hizo mbili zilikutana katika mkutano wa Kampala mwaka 1950, ulioitishwa na Shirika la Afya Duniani, na uamuzi ukawa kwamba malaria ipigwe vita popote ilipo, kwa kadiri yoyote ya ukali wake. Baada ya hapo ukafuata Mpango wa Pare na Taveta, uliopulizia nyumba dawa ya dieldrin katika nusu ya pili ya miaka ya 1950. Malaria ilipungua sana na vifo vya watoto wachanga vikapungua, lakini maambukizo hayakukatika. Na upuliziaji uliposimamishwa, yalirejea polepole.

Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha kitu ambacho tutakirudia. Mabishano ya Kampala hayakuwa juu ya hesabu ya kujumlisha na kutoa. Yalikuwa juu ya jambo moja ambalo hakuna aliyekuwa amelipima: kinga hudumu muda gani mtu asipoambukizwa tena. Kila upande ulikuwa na kisio lake, na kutokana na kisio hilo kila upande ulipata jibu tofauti.

Hesabu yenyewe

Asili ya hesabu za malaria ni Sir Ronald Ross, aliyethibitisha nchini India mwaka 1897 kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu, na ambaye baadaye aliandika milinganyo ya kuonyesha jinsi maradhi yanavyoenea. Macdonald aliiendeleza milinganyo hiyo katika miaka ya 1950 na kuonyesha jambo ambalo halikutazamiwa: umri wa mbu una uzito mkubwa kuliko wingi wa mbu.

Walimu wataona kwamba jambo hili laweza kufundishwa ubaoni. Mbu jike akimuuma mgonjwa, vijidudu vinahitaji siku 12 hivi kukomaa tumboni mwake kabla mbu huyo hajaweza kumwambukiza mtu mwingine. Mbu afaye kabla ya siku hizo hana madhara. Sasa tuchukue mbu 100. Iwapo kila siku 90 katika kila 100 hubaki hai, baada ya siku 12 watakuwa wamebaki 28. Iwapo kila siku hubaki 80 katika kila 100, baada ya siku 12 watakuwa wamebaki 7 tu. Isitoshe, hao 28 wana wastani wa siku 9 na nusu za kuendelea kuishi na kuuma, ilhali wale 7 wana siku 4 na nusu. Ukizidisha, utaona kwamba hatari imepungua kwa zaidi ya mara 8, ingawa uhai wa mbu kwa siku ulipunguzwa kwa kiasi kinachoonekana kidogo. Kuua nusu ya viluwiluwi dimbwini, kwa kulinganisha, hupunguza hatari kwa nusu tu.

Ili hesabu hiyo iwe na maana, sharti mtu ajue mbu wa kweli huishi siku ngapi. Hapo ndipo Muheza ilipoingia. M. T. Gillies, aliyefanya kazi na taasisi ya Amani, aliwatia mbu alama na kuwaachia, kisha akawakamata tena ili kujua wamekwenda umbali gani na wameishi muda gani. Pamoja na T. J. Wilkes, alitumia pia njia iliyobuniwa na wanasayansi wa Urusi, akina Polovodova na Detinova: kumpasua mbu jike na kuangalia mirija ya mayai yake, kwa kuwa kila uzao huacha alama. Matokeo yao juu ya umri wa mbu wa kaskazini-mashariki ya Tanzania yalichapishwa mwaka 1965, na wanahesabu wa malaria wamekuwa wakiyarejea tangu hapo.

Baada ya uhuru kazi iliendelea. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na Amani ikawa kituo chake. Katika miaka ya 1980, huko Muheza, Jo Lines, Clive Curtis na wenzao Watanzania walijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrin. Chandarua cha aina hiyo hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: humzuia mbu asimuume mtu, na humwua agusapo kitambaa. Kwa maneno mengine, hushambulia sehemu mbili za kanuni ya Macdonald ambazo ni nyepesi kuliko zote kuathiri matokeo.

Fedha zaingia katika hesabu

Hesabu tulizozieleza hujibu swali la nini kitatokea. Haziulizi kitagharimu kiasi gani. Swali hilo la pili lilipata nguvu mwaka 1993, Benki ya Dunia ilipotoa taarifa yake ya mwaka juu ya uwekezaji katika afya, na kupendekeza kwamba madhara ya maradhi yote yapimwe kwa kipimo kimoja: miaka ya maisha yenye afya inayopotea kwa kufa mapema au kwa kuishi na ulemavu. Kwa kipimo hicho iliwezekana kulinganisha chandarua na chanjo, na chanjo na upasuaji, kwa kuuliza kila mwaka mmoja uliookolewa umegharimu fedha ngapi.

Tanzania haikuwa mtazamaji katika jambo hili. Kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1990, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini, Wizara ya Afya ikishirikiana na shirika la utafiti wa maendeleo la Kanada ilizipa halmashauri zana za kulinganisha bajeti na maradhi yanayoua watu hasa. Iligunduliwa kwamba baadhi ya maradhi yaliyochukua sehemu kubwa ya uhai wa watu yalikuwa yakipewa sehemu ndogo ya fedha. Mgawo uliporekebishwa na huduma kuimarishwa, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika muda wa miaka michache. Mwaka 2004 ulianza pia mpango wa Hati Punguzo, uliowawezesha wajawazito kununua vyandarua kwa bei iliyopunguzwa. Jina hilo linastahili sifa: maneno mawili ya kawaida, na kila aliyelisikia alielewa mara moja ni kitu gani.

Mkoa wa Tanga uliingia tena katika hesabu hizi kwa njia ya chanjo. Kuanzia mwaka 2009, Korogwe na Bagamoyo zilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kwa watoto 15,459. Watoto wa umri wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne walikuwa na matukio ya malaria pungufu kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Swali likawa: je, yafaa serikali kuinunua? Mwaka 2016 zilichapishwa hesabu za modeli nne tofauti zilizolinganishwa pamoja. Kwa kuchukulia kwamba dozi moja ingeuzwa dola 5, jibu la kati lilikuwa dola 87 kwa kila mwaka wa maisha yenye afya uliookolewa kwa dozi nne, nalo liliyumba kuanzia dola 48 hadi dola 244. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021.

Programu huria

Mojawapo ya modeli hizo nne inaitwa OpenMalaria, na ilitengenezwa huko Basel, Uswisi. Msimbo wake, yaani maagizo yote ambayo kompyuta huyafuata, umewekwa hadharani. Hapo mwanzo hesabu zake zilikuwa nzito kiasi kwamba watu wa kujitolea duniani kote waliazimisha nguvu za kompyuta zao za nyumbani ili kazi imalizike. Modeli hiyohiyo ilitumika baadaye kwa ajili ya Tanzania: taarifa zilizochapishwa mwaka 2020 zinaeleza jinsi ilivyotumiwa, pamoja na Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Malaria, kubashiri matokeo ya afua mbalimbali katika kila moja ya halmashauri 184 za Tanzania Bara. Hii ni hatua kubwa. Muheza na Lushoto zimo katika mkoa mmoja, lakini joto la pwani na baridi ya milima havizai malaria ya namna moja, na mpango mmoja kwa zote mbili ni upotevu wa mali.

Programu za aina hii zina historia yake. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa kutengeneza programu ambazo mtumiaji ana haki ya kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Katika miaka ya 1990, Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, walibuni lugha ya kuandikia programu za takwimu, wakaiita R, na mwaka 1995 ikatolewa kwa masharti hayohayo. Leo R ni miongoni mwa zana kuu za wachumi wa afya. Kabla ya hapo wengi walitumia programu za kununuliwa kwa leseni, au majedwali ya kompyuta ambamo kanuni hujificha nyuma ya visanduku vya tarakimu, hata mkaguzi asiweze kuzifuata bila ya kubofya kisanduku kimoja kimoja.

Katika R ile hesabu yetu ya mbu huandikwa hivi:

mbu = 100
uhai = 0.9
siku = 12
mbu * uhai^siku

Kompyuta hujibu 28.24295. Badili 0.9 iwe 0.8, nayo itajibu 6.871948. Msomaji na azingatie kwamba maneno mbu, uhai na siku ni ya Kiswahili, na kompyuta haikuyakataa. Mwenye kuandika programu ana hiari ya kuvipa vitu majina atakayo. Afisa wa afya wa Pangani anaweza kuusoma mstari huo, akauliza kwa nini imeandikwa 0.9, na kudai aonyeshwe kipimo kilikotoka.

Jambo hili halihusu majina ya ndani ya programu peke yake. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa njia ya mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisini ambayo maagizo yake yaliandikwa kwa Kiswahili. Watafsiri wake hawakuhitaji kumwomba mwenye mali ruhusa, kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi na masharti yake yaliruhusu tafsiri. Kwa mfasiri, basi, uhuria wa programu ni suala la kazi yake mwenyewe.

Neno linapoingia katika hesabu

Kabla ya kuzifikia istilahi zenyewe, yafaa tuonyeshe kwamba neno laweza kuibadili hesabu hata kabla kompyuta haijawashwa. Watu wa pwani huita degedege hali ya mtoto mwenye homa kutupatupa viungo na kupoteza fahamu. Katika vitabu vya tiba hali hiyo mara nyingi ni malaria kali. Lakini familia nyingi zimeihesabu kuwa ugonjwa wa peke yake. Ndugu wa marehemu akiulizwa kama mtoto alikufa kwa malaria, anaweza kujibu kwa unyofu kabisa kwamba sivyo, alikufa kwa degedege. Dodoso lisilolijua neno hilo litapunguza vifo vya malaria, na modeli itakayolishwa takwimu hizo itapunguza thamani ya chandarua.

Vivyo hivyo kwa ugonjwa wa minyoo ya limfu unaoenezwa na mbu, ambao umeisumbua Tanga kwa vizazi vingi. Kiswahili kina majina mawili kwa matokeo yake: matende kwa uvimbe wa miguu na mabusha kwa uvimbe wa korodani. Mfasiri aandikaye matende peke yake amewaacha nje ya hesabu wanaume wengi, kwani katika pwani hii mabusha ndiyo dalili iliyoenea zaidi. Ugawaji wa dawa kwa jamii nzima ulianza Mafia mwaka 2000 na kufika Tanga mwaka 2004. Na uamuzi wa lini dawa zikome hutegemea hesabu ya nani bado anaumwa.

Istilahi nne zenye utata

Kwanza, jina la hesabu yenyewe. Wafasiri wametumia mfano, kielelezo, kiolezo na modeli. Mfano ni neno la kila siku lenye kazi nyingi mno. Kielelezo kimekwisha kupata makazi yake: katika kitabu ni mchoro, na mahakamani ni kitu kilicholetwa kuthibitisha ushahidi. Kiolezo ni umbo la kunakili. Twaona kwamba modeli, ingawa ni neno la kukopa, halina mzigo mwingine, nalo hukubali viambishi vyetu bila shida. Mtunga istilahi asione haya kukopa pale mkopo unapoondoa utata.

Pili, jina la programu hizi. Waingereza wana neno moja tu linalobeba maana ya kutolipiwa na maana ya kuwa na uhuru, na wamelazimika kueleza kila mara ni ipi inayokusudiwa. Ndiyo sababu mojawapo ya wao kubuni jina jipya mwaka 1998. Kiswahili hakina tabu hiyo. Tuna bure, tuna huru, na tuna huria. Hivyo ni kosa kuziita programu za bure. Programu inaweza kutolewa bure na bado ikawa imefungwa, mtumiaji asijue ndani yake mna nini. Aidha, bure kwetu ni pia kitu kisicho na faida, na mhasibu wa halmashauri akisikia programu ya bure atadhani ni ya ovyo. Huria, kinyume chake, limekwisha kuzoeleka kwa maana ya kitu kisichofungiwa watu wachache: Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, na hakuna anayedhani kwamba chuo hicho hakitozi ada. Twapendekeza programu huria, na kwa maagizo yake, msimbo.

Tatu, na pengine kubwa kuliko zote, ni tofauti baina ya kadirio na kisio. Taarifa nyingi za Kiswahili huandika inakadiriwa kwa kila tarakimu isiyo na hakika. Lakini tarakimu hizo ni za namna mbili. Asilimia 36 ya chanjo ya RTS,S ni kadirio: watoto walihesabiwa, na kutokana na hesabu hiyo thamani ikapatikana. Dola 5 kwa dozi ilikuwa kisio: hakuna aliyeipima, ilichukuliwa tu ili hesabu iweze kwenda mbele. Vilevile muda wa kinga katika mabishano ya mwaka 1950 ulikuwa kisio. Kadirio hurekebishwa kwa kupima zaidi. Kisio hujadiliwa, na raia yeyote mwenye busara ana haki ya kushiriki mjadala huo. Tukiyaita yote makadirio, tunamnyima msomaji nafasi ya kuuliza. Ni kweli kwamba katika lugha ya bajeti maneno haya mawili yamekuwa yakipishana na kuchukua nafasi ya mwenzake. Hata hivyo, kuyatenga hakuhitaji neno jipya, bali kunahitaji nidhamu tu.

Nne, ni lile linaloeleza uhusiano wa fedha na matokeo. Wafasiri wengi huandika gharama nafuu, nayo ni tafsiri yenye madhara. Tuseme mpango wa kwanza unagharimu shilingi milioni 20 na kuokoa miaka 400 ya maisha yenye afya, na mpango wa pili unagharimu shilingi milioni 50 na kuokoa miaka 1,250. Mpango wa kwanza ndio nafuu. Lakini ndani yake kila mwaka umegharimu shilingi 50,000, ilhali katika wa pili umegharimu shilingi 40,000. Tena, zile shilingi milioni 30 za nyongeza zinaokoa miaka 850 zaidi, yaani kiasi cha shilingi 35,300 kwa kila mwaka. Mchumi atauchagua mpango wa pili, iwapo fedha zipo. Mwananchi akiambiwa kwamba serikali imechagua mpango wa gharama nafuu, atadhani ameletewa kitu hafifu kwa sababu yeye ni maskini. Na diwani akiambiwa atafute wa gharama nafuu, atachagua wa kwanza na kuwapoteza watu. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba rahisi ni ghali. Twapendekeza tija kwa gharama, kwa kuwa tija hutaja kinachopatikana, na gharama hutaja kinachotolewa, na msomaji huviona vyote viwili.

Istilahi zinazopendekezwa

Modeli: maelezo ya jambo kwa njia ya hesabu, yaonyeshayo sehemu zake zinavyoathiriana, ili kubashiri kitakachotokea sehemu moja ikibadilishwa.

Kiingizo: thamani inayotiwa katika modeli kabla ya kupata jibu.

Kadirio: kiingizo au jibu lililopatikana kutokana na vipimo.

Kisio: kiingizo kilichochukuliwa bila ya kupimwa, kwa sababu zinazopaswa kuelezwa.

Mayumbo ya matokeo: kiasi ambacho jibu hubadilika viingizo vinapobadilishwa, au modeli moja inapolinganishwa na nyingine.

Msimbo: maagizo yaliyoandikwa kwa lugha ya programu ili kompyuta iyafuate.

Programu huria: programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuusoma msimbo wake, kuubadili na kuugawa, iwe imelipiwa au haikulipiwa.

Tija kwa gharama: kiasi cha afya kinachopatikana kwa kiasi fulani cha fedha, kikilinganishwa na njia nyingine ya kutumia fedha hizo.

Tamati

Maji ya bomba ya mji wa Tanga hutoka mto Zigi, ambao chemchemi zake ziko katika milima ya Amani. Mtu wa Ngamiani akitaka kujua maji yake yanatoka wapi, anaweza kuufuata mto hadi juu. Hesabu za afya nazo zimeanza kufuatika namna hiyo: tarakimu iliyo katika mpango wa halmashauri yaweza kufuatwa hadi kwenye msimbo, na kutoka katika msimbo hadi kwa mbu aliyepasuliwa Muheza. Lakini afuataye huihitaji lugha njiani. Iwapo kila hatua ina jina lililo wazi, mwalimu wa sekondari, karani wa wilaya na mwuguzi wa zahanati wanaweza kuifuata njia hiyo bila ya kumsubiri mtaalamu kutoka mbali. Iwapo majina yamechanganywa, msimbo utakuwa wazi kwa macho na umefungwa kwa akili.

Istilahi tulizozipendekeza hazidai kuwa za mwisho. Tunazitoa zijadiliwe na wafasiri, walimu na watumishi wa afya, hasa wale wa mkoa ambao vipimo vilitoka kwao. Tunaloliomba kwa sasa ni dogo: mfasiri atakayekutana na tarakimu katika taarifa ya afya asiandike inakadiriwa kabla hajauliza kama tarakimu hiyo imepimwa ama imekisiwa.